Mzazi, ugumu wa gari si usalama wa mtoto

Kuna kauli ambayo karibu kila mzazi ameisikia, iwe gereji, kwenye foleni au sebuleni wageni wakiwa wamekuja: "Magari ya siku hizi ni makopo. Ya zamani ndiyo yalikuwa magari."

Anayesema hivyo huwa na ushahidi wake. Atagonga boneti ya gari dogo la kisasa kwa kidole, nayo italia kama debe tupu. Kisha atakusimulia habari za Land Rover ya mzee fulani iliyogonga mti, mti ukaanguka, mzee akaendelea na safari yake.

Majuzi kauli hiyo imenifikia kwa njia ya simu. Msomaji mmoja alinitumia video ya gari la Kimarekani la mwaka 1959, limefufuliwa na kung'arishwa mpaka unaweza kujitazama sura kwenye bampa lake. Nyuma lina mapezi mawili marefu kama ya papa. Chini ya video aliandika: "Dada, kila siku mnatuhimiza tununue viti vya watoto vya kwenye gari. Mtoto akikaa ndani ya chuma kama hiki anahitaji kiti cha nini?"

Swali ni zuri na linastahili jibu refu, kwa sababu gari la mwaka huohuo, lililotengenezwa na kampuni hiyohiyo, liliwahi kugonganishwa na gari la kisasa mbele ya kamera. Jibu lilipatikana ndani ya muda mfupi kuliko wa kupepesa macho mara mbili.

Kwanza tulipe gari haki yake. Ni zuri. Huwezi kulitazama ukabaki umenuna.

Mapezi yale yalianzia kwenye ndege. Mkuu wa ubunifu wa General Motors, Harley Earl, alivutiwa na ndege ya kivita ya Lockheed P-38 iliyokuwa na mikia miwili. Vita vilipokwisha, Cadillac ya mwaka 1948 ikatoka na vijipezi vidogo juu ya taa za nyuma. Watu wakapenda. Chrysler, chini ya mbunifu wao Virgil Exner, wakajibu kwa mapezi makubwa zaidi mwaka 1957, na kuanzia hapo yakawa mashindano ya nani ana mkia mrefu kuliko mwenzake. Kilele kilikuwa Cadillac ya mwaka 1959, ambayo kila pezi lake lilibeba taa mbili nyekundu zilizochongoka kama moto wa roketi. Gari hilo lilikuwa na urefu wa mita 5.7, uzito wa zaidi ya tani mbili na injini ya V8 ya lita 6.4. Kwa kulinganisha, Toyota IST unayoiona kila siku mtaani haifiki hata mita 4.

Chevrolet, ndugu yake wa bei ya chini, mwaka huo alipewa mapezi yaliyolazwa ubavu kama mabawa ya popo, na taa za nyuma zenye umbo la jicho la paka. Hilo ndilo gari la kwenye video. Linaitwa Bel Air.

Leo Wamarekani wanaoyapenda magari haya huyafufua kwa subira ambayo sijui wanaitoa wapi. Bodi lote hunyanyuliwa kutoka kwenye chasisi, kila boliti hufunguliwa, rangi ya zamani hukwanguliwa, nikeli na kromu hupigwa upya, viti vinashonwa kwa kitambaa kilekile cha zamani. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka. Cadillac ya wazi ya mwaka 1959 iliyofufuliwa vizuri huweza kuuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola laki moja.

Sasa twende kwenye mgongano.

Mwezi Septemba 2009, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na makampuni ya bima kuchunguza usalama wa barabarani, IIHS, ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu kuanzishwa. Badala ya kukata keki tu, ikachukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, ikaweka ndani ya kila moja sanamu la majaribio lenye ukubwa wa mtu mzima, kisha ikayagonganisha uso kwa uso, upande wa dereva kwa upande wa dereva, kila gari likienda maili 40 kwa saa, yaani takriban kilomita 64. Uzito wa magari hayo mawili haukutofautiana sana. Bel Air ilikuwa ndefu zaidi kwa karibu nusu mita.

Video ya mgongano huo ipo na yeyote anaweza kuitafuta. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya akili. Unachokitarajia ni gari la chuma kulipondaponda kopo. Unachokiona ni kinyume chake. Pua ya Malibu inajikunja kama karatasi, lakini sehemu anayokaa dereva inabaki na umbo lake, mlango wake haujapinda, mfuko wa hewa umefunguka. Bel Air inakunjika palepale alipokaa mtu. Usukani unapanda juu na kurudi nyuma kuelekea kwa dereva. Kioo cha mbele kinang'oka chote. Mlango wa dereva unafunguka. Kiti cha mbele, ambacho kilikuwa kimoja kirefu kama benchi, kinang'oka sakafuni upande wa dereva.

Wataalamu wa taasisi hiyo waliposoma vipimo vya sanamu wakasema dereva wa Bel Air angekufa palepale. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo mguuni.

Wapenzi wa magari ya zamani walikasirika. Wengine walisema gari lile lilikuwa limeliwa na kutu, maana kwenye video linatoa wingu la vumbi la rangi ya kahawia. Taasisi ikajibu kwamba hilo lilikuwa vumbi la barabarani lililojikusanya ndani ya bodi kwa nusu karne. Wengine waliona uchungu tu kwamba gari zuri limeharibiwa, na hao nawaelewa.

Kwa nini kopo lilishinda?

Gari likigonga kitu, mwendo wote liliokuwa nao lazima uishe. Lakini waliomo ndani hawajagonga kitu bado. Wao wanaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule mpaka kitu kiwazuie. Madaktari wa majeruhi huzungumzia migongano mitatu katika ajali moja. Wa kwanza ni gari na kitu. Wa pili ni mwili na gari: kifua na usukani, uso na dashibodi. Wa tatu hauonekani kwa macho: ubongo unagonga fuvu, moyo na mshipa mkubwa wa damu vinavutwa ndani ya kifua, ini linachanika. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka kwenye ajali akitembea, hana hata mchubuko, na saa chache baadaye akafariki kwa damu kuvujia ndani.

Kinachoamua ukali wa mgongano wa pili na wa tatu ni muda. Ukisimamishwa taratibu, mwili unastahimili. Ukisimamishwa ghafla, hauwezi. Pua ya gari la kisasa imetengenezwa makusudi ijikunje, ili ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo gari linasimama irefuke kidogo. Chuma kinapojikunja mbele kinameza nguvu ambayo ingefika kwenye mbavu zako. Gari gumu lisilojikunja mahali panapotakiwa linaikabidhi nguvu yote hiyo kwa abiria. Na lile la 1959 lilikuwa na balaa mbili: pua yake haikupangwa kumeza nguvu, na chumba cha abiria hakikupangwa kuhimili. Chasisi yake ilikuwa na umbo la herufi X, imara katikati lakini haina mihimili ya pembeni ya kuwakinga waliokaa kando.

Kwa hiyo fundi anayegonga boneti kwa kidole anapima kitu cha kweli, ila anapima kitu kisichohusiana na uhai wako.

Hesabu ndogo ya fizikia ya sekondari itatusaidia kumweka mtoto ndani ya picha. Gari linaenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida mjini. Likisimamishwa na mgongano ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilichomo ndani kinavutwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 14 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, wa mwaka mmoja hivi, kwa muda huo anavuta kama kilo 140. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji. Mama aliyempakata, hata awe na nguvu gani na upendo gani, hamzuii. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, mwili wake unamfuata mtoto na kumbana kwenye dashibodi.

Marekani ya mwaka 1959 watoto walikaaje ndani ya magari hayo? Walikaa, walisimama na walilala popote. Kiti cha mbele kilikuwa benchi, kwa hiyo mdogo alisimama katikati ya baba na mama akitazama barabara. Viti vidogo vya watoto vilikuwepo, lakini vingi vilikuwa vya kuning'iniza kwa ndoano kwenye mgongo wa benchi, kazi yake ni kumwinua mtoto aone nje na asimsumbue dereva. Vingine vilikuwa na usukani wa kuchezea. Wazazi wa wakati ule walikuwa na mkanda mmoja tu: mkono wa mama, uliorushwa mbele ya kifua cha mtoto kila breki ilipokanyagwa ghafla. Nina hakika wewe unayesoma umeshawahi kuufanya mkono huo. Mimi sina mtoto bado, na nimeufanya kwa wapwa zangu.

Dashibodi ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi, na vitufe vyake vilichomoza kama vidole. Nguzo ya usukani ilikuwa chuma kimoja kirefu kilichoelekezwa kifuani kwa dereva. Mikanda haikuwa lazima; ilipokuwepo, ilikuwa kitu cha kununua kwa fedha ya ziada. Mwaka huo zaidi ya watu 35,000 walikufa barabarani Marekani. Ukipima kwa umbali ambao magari yalitembea, walikufa zaidi ya watu 5 kwa kila maili milioni 100, wakati siku hizi ni mmoja na kidogo. Mabadiliko hayo hayakuletwa na madereva kuwa na adabu zaidi.

Jambo linaloniumiza kuhusu mwaka 1959 ni kwamba maarifa yalikuwepo. Mwaka huohuo ambao Cadillac ilikuwa inarefusha mapezi, kule Sweden mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alileta mkanda unaokatiza begani na kiunoni, huohuo tunaoutumia leo, na kampuni yake ikawaruhusu wengine wautumie. Mwaka huohuo kule Ujerumani, Mercedes ilitoa gari la kwanza kuuzwa likiwa na pua na mkia wa kujikunja na chumba cha abiria kigumu katikati, wazo la mhandisi Béla Barényi. Na tazama kichekesho cha historia: gari hilo la Mercedes nalo lilikuwa na mapezi, madogo ya heshima, mpaka Wajerumani wakalipa jina la utani kwa sababu hiyo. Kumbe uzuri na usalama vingeweza kukaa kwenye bodi moja. Detroit iliamua kutangulizia kimoja.

Na mapezi yenyewe? Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alichapisha kitabu *Unsafe at Any Speed* kilichowakasirisha sana wenye viwanda. Humo ameeleza habari ya msichana wa miaka tisa wa jimbo la Maryland aliyekuwa akiendesha baiskeli karibu na nyumbani kwao. Akaparamia nyuma ya Cadillac iliyokuwa imeegeshwa tu, injini imezimwa. Pezi likamwingia chini ya koo. Alifariki hospitalini.

Nimeisoma habari hiyo nikafikiria baiskeli za watoto wa mtaani kwetu zinavyopita katikati ya magari yaliyoegeshwa.

Mwaka uliofuata baada ya kitabu, 1966, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia mwaka 1968 magari mapya yakalazimika kuwa na mikanda. Watoto walisubiri zaidi. Ilichukua daktari mmoja wa watoto wa Tennessee, Robert Sanders, kuwasumbua wabunge wa jimbo lake mpaka likawa jimbo la kwanza kuwalazimisha wazazi kuwafunga watoto wadogo kwenye viti vyao. Sheria hiyo ilianza kazi mwaka 1978. Hesabu mwenyewe: kutoka mkanda wa Bohlin hadi kiti cha mtoto kuwa lazima katika jimbo moja tu, miaka 19.

Kuna hatari nyingine ya magari haya ambayo haisubiri ajali, nayo inamhusu zaidi mzazi aliye fundi au anayeishi jirani na gereji. Ni madini ya risasi.

Injini zile kubwa zilitegemea petroli iliyochanganywa risasi ili zisigonge. Dawa hiyo iligunduliwa na Thomas Midgley wa General Motors mwaka 1921, na miaka michache tu baadaye wafanyakazi wa viwanda vilivyoitengeneza walianza kupoteza akili na kufa. Biashara iliendelea. Gari lenye mapezi lilipopita mtaani, nyuma yake liliacha vumbi la risasi lisiloonekana, na watoto walicheza humo. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya Wamarekani milioni 170 walivuta au kumeza risasi utotoni kwa kiwango cha kudhuru, wengi kwa sababu ya petroli hiyo. Mwili wa mtoto hunyonya risasi inayoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo unaokua, inapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na haina dozi ya kuurudisha ubongo ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hapa kwetu petroli ya risasi tuliiacha. Nchi za Kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Lakini risasi haijatoka gereji. Gari la miaka ya 1950 linalofufuliwa limejaa risasi mahali ambapo macho hayaoni: kwenye rangi ya zamani, na kwenye maungio ya bodi, ambako viwanda vilijaza risasi na bati iliyoyeyushwa kabla puti ya plastiki haijaenea. Fundi akipiga msasa, hiyo inakuwa vumbi. Breki za ngoma za wakati ule nazo zilikuwa na asbesto, ambayo ikivutwa hukaa kwenye mapafu kwa miongo na kuweza kuleta saratani.

Huna haja ya kuwa na Cadillac ili hili likuhusu. Fundi rangi anayekwangua gari la zamani la aina yoyote, na fundi anayefungua betri, wote wanarudi nyumbani na vumbi. Mtoto anamkimbilia baba mlangoni, anarukia ile ovaroli. Ovaroli ibaki kazini, au ivuliwe nje na kufuliwa peke yake, isichanganywe na nepi. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Msasa wa maji hupunguza vumbi kuliko msasa mkavu. Na watoto wasichezee gereji, hata kama ndiko wanakotulia.

Turudi kwa msomaji wangu. Magari ya Kimarekani ya aina ile ni ya kuhesabu huku kwetu, ila magari ya zamani yaliyofufuliwa yapo. Nairobi wana maonyesho yao ya kila mwaka ya Concours d'Elegance, na mijini kwetu Mercedes za zamani hukodishwa kwa harusi. Ukiona mtoto wa maua amewekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kama hilo bila mkanda wowote, jua kwamba kiti cha mtoto hakifungiki humo ipasavyo, na mkanda uliofungwa baadaye kwenye sakafu nyembamba unaweza kung'oka na boliti zake. Mimi ningempiga picha ameegemea mlango, anacheka, kisha ningempakia kwenye gari la kawaida la nyuma. Shangazi watanuna. Wanune.

Kwa gari la kila siku, iwe IST, Noah au Alphard, mambo ni haya. WHO inasema ajali za barabarani zinaua watu takriban milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kiti cha mtoto kikitumika vizuri hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa takriban asilimia 70. Mtoto akae nyuma. Mchanga akae ametazama nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito kwa mwili wake na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo mzima unapokea nguvu badala ya shingo peke yake. Usimweke hivyo mbele ya mfuko wa hewa wa siti ya mbele, maana ukifunguka unampiga kisogoni. Mkubwa kidogo anahitaji kiti cha kumwinua mpaka mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni. WHO inashauri watoto watumie viti hivi angalau mpaka wafikishe miaka 10 au urefu wa sentimita 135.

Najua utaniambia bei. Dukani kiti kipya ni ghali, na wengi wetu tunaishia kwenye mitumba. Si vibaya, ila usinunue kwa rangi. Kigeuze utafute lebo ya ubora. Vya Ulaya huwa na stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Angalia tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, maana plastiki huchoka kwa jua. Pitisha mikono kwenye ganda lote kutafuta ufa. Muulize muuzaji kama kimewahi kuwa kwenye ajali, ingawa jibu unalijua. Funga na kufungua kishikizo mara kumi. Kisha vuta mikanda yake yote kwa nguvu, na ukikuta mmoja umeshonwa upya kwa mkono, kirudishe hapohapo kwenye turubai uende kwa muuzaji mwingine.